Rangi ya Gauni la Pili

Gari lile lilifika Kapata Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa 1957, likivutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la Alimasi, na kabla halijasimama watu wa mstari wa nne wa nyumba za kampuni walikuwa wameshalitambua. Akina mama waliokuwa wakitwanga waliacha mchi ndani ya kinu. Mzee mmoja alivua kofia, halafu akaona haya, akaivaa tena, kwa sababu gari lilikuwa tupu.

Ngeleka alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake akiwa na kitambaa cha kufutia mikono. Alikuwa mpaka rangi katika karakana ya kampuni, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kazi ya Alimasi alikuwa ameikubali siku tatu kabla bila maswali mengi. Alimasi alikuwa msafirishaji, Mwislamu wa Kasongo, mtu wa maneno mengi na kicheko kifupi. Alisema amenunua kamionete, gari dogo la mizigo, kwenye mnada, kwamba anataka ipakwe rangi mpya pale nyumbani, siku za mapumziko, ili aanze kubeba watu na mizigo kati ya Kolwezi na Tenke. Ngeleka akampa mkono. Hakuuliza mnada ulikuwa wa nani.

Sasa alikuwa akiliona. Jekundu lililoiva mpaka likakaribia weusi, milango miwili nyuma, na kidirisha kimoja kilichopakwa chokaa kwa ndani. Kwa miaka kumi gari hilo lilitoka hospitali likaenda makaburini, likarudi tupu. Watu wa cité, mitaa ya Waafrika, walikuwa wamelipa jina: Hairudishake, lile ambalo halirudishi mtu.

"Bwana Alimasi," alisema taratibu, "hii njo gari yenyewe?"

"Njo hii. Mashini iko muzima, Shambuyi, inaimba kama kinanda ya misioni! Naivuta tu sababu batri imekufa. Ila batu... Juzi niliipeleka soko, nikaita: Tenke, Tenke! Unajua nani alipanda? Mbuzi moja. Na ule mbuzi pia balimusukuma."

Alicheka kicheko chake kifupi, akaona kwamba mwenzake hacheki, akaanza kufungua mnyororo.

Shambuyi ni jina ambalo watu wa Kasai humpa baba wa mapacha, na mama huitwa Mwambuyi. Majina hayo hayaondolewi, hata pacha mmoja akiondoka. Katika nyumba hii walizaliwa wasichana wawili, Mbuyi aliyetangulia na Kabanga aliyemfuata, na mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1951, mvua zikiwa zimeanza, surua ilimchukua Kabanga akiwa na miaka mitatu. Gari lile lile ndilo lililombeba.

Siku ile mama yake Ngeleka, bibi Ntumba, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Bakwanga, aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa mkwe wake. "Hatuliliake mapasa," alimwambia, maana mapacha kwao hawaliliwi. "Ukilia, huyu mwenye kubakia atasikia. Atafikiri banamuita. Atafuata." Bilonda, mkewe Ngeleka, hakulia. Aliuma upindo wa kikwembe chake, Mbuyi akiwa mgongoni, akatazama milango miwili ikifungwa, akasimama barabarani mpaka vumbi likatua. Kisha akarudi ndani akafagia nyumba, chumba baada ya chumba, kana kwamba wageni wangekuja. Tangu siku hiyo jina la Kabanga halikutoka mdomoni mwake.

Lakini kwao kila anachopewa pacha mmoja lazima apewe na mwenzake, na hilo Bilonda hakuliacha. Kila Noeli alishona magauni mawili ya kipimo kimoja. Moja Mbuyi alilivaa mpaka likachakaa. La pili liliingia katika sanduku la bati chini ya kitanda. Magauni ya sandukuni yalikuwa yakikua mwaka hadi mwaka, kama vile kulikuwa na mtoto humo aliyekuwa akirefuka gizani.

Ndiyo sababu Ngeleka hakugeuka haraka aliposikia sauti ya ungo ukiwekwa chini nyuma yake. Bilonda alikuwa ametokea mlangoni, mikono ikiwa na unga. Alilitazama gari kwa muda ule ambao mtu humtazama mgeni anayemfahamu lakini hakumtazamia. Halafu akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mzigo kichwani, na Mbuyi, mwenye miaka tisa sasa, ameshikwa mkono.

"Mwambuyi, ngoja," Ngeleka alisema. "Mi sikujua kama ni ile."

"Sasa unajua."

"Nilisha kumupa mukono."

"Basi mukono wako ubakie nayo. Mi naenda kwa Laurentine." Laurentine alikuwa dada yake, ameolewa Tenke na mfanyakazi wa reli.

"Utarudia lini?"

Bilonda alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema neno ili lisikike tu. "Siku nitaipita pembeni na sitaijua," alisema, akashika njia ya stesheni. Mbuyi aligeuka mara mbili kumwangalia baba yake. Bilonda hakugeuka.

Alimasi, aliyekuwa amejifanya anakagua tairi, aliinuka. "Niirudishe, Shambuyi? Niambie tu. Mi siko mutu wa kuvunja nyumba ya wengine."

Ngeleka alilitazama gari. Akili yake ilimwambia lirudi lilikotoka. Lakini alijua likitoka pale likiwa jekundu vile litapita Kapata kesho na kesho kutwa, na Bilonda ameshasema neno lake. Zaidi ya hayo kulikuwa na jambo ambalo asingeweza kumweleza Alimasi. Miaka sita alikuwa amesikia ule mlango ukifungwa. Kama kulikuwa na mtu wa kulifuta gari lile machoni pa dunia, alitaka awe yeye.

"Iache hapa," alisema. "Mukubwa wa camp ameniruhusu mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Itatosha."

*

Jumapili alianza kusugua. Alitumia msasa na maji, kwa duara ndogo ndogo, kuanzia paa. Rangi ya zamani ililainika ikawa uji mwekundu, ikashuka kwenye mikono yake mpaka viwiko, ikatiririka uani, ikafika kwenye tuta la lengalenga, mchicha wa Bilonda. Kuku walikanyaga wakaondoka na miguu myekundu, wakaacha alama mpaka mlangoni.

"Shambuyi!" aliita jirani, Mama Ngalula, kutoka juu ya uzio. "Umechinja ngombe, na majirani hata kipande hawapate?"

"Ngombe hii haiko na nyama, mama."

"Najua. Ilikula, hiyo. Haikuliwake." Kisha, kwa sauti ya chini, akaongeza: "Usimwage ile maji kwa njia, tata. Mwaga kwako."

Aliyamwaga kwake. Alichimba shimo nyuma ya choo, akawa anayabeba kwa ndoo. Alipofungua milango ya nyuma ili asugue kingo, bawaba zililia sauti ile ile, na ndani bado kulikuwa na harufu ya dawa ya hospitali, harufu baridi, safi kupita kiasi. Alifanya kazi upande ule akiwa amegeuza uso. Hata hivyo mkono ulijua urefu wa sakafu ile. Ulijua kwamba sanduku dogo la mbao lililokuwa limewekwa pale lilichukua nafasi ndogo kiasi gani.

Nyumba bila Bilonda ilikuwa na sauti nyingi. Bati lilipopoa jioni lilialika juu ya kichwa chake, na yeye, akila bukari, ugali aliousonga vibaya mwenyewe, alijikuta ameweka sahani nne mezani, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba: yake, ya mkewe, na mbili za watoto. Aliondoa moja. Akasimama akiwa ameishika, hajui airudishe wapi.

Jumamosi iliyofuata Alimasi alileta magurudumu manne ya akiba ya lori na pampu ya mguu. Hawakuwa na mashine ya upepo kama ya karakana, kwa hiyo Ngeleka alikuwa amefikiri njia yake: kujaza upepo ndani ya magurudumu, kisha kuutoa kwa mpira kwenye pistole, kile chombo cha kupulizia rangi. Ya kwake ilikuwa kuukuu, kikombe chake kimezibwa ufa kwa madini ya risasi.

"Sasa tuseme rangi," alisema Alimasi akijifuta jasho. "Kijani! Kijani inapendeza batu. Kijani haina maneno."

"Nitaona."

"Utaona nini? Ao bleu. Ao nyeusi ya bazungu. Rangi yoyote, Shambuyi, hata ya mbuzi wangu, lakini isiwe ile."

"Nimesema nitaona."

Alimasi alipoondoka Ngeleka aliingia chumbani. Kwa nini, hakujiuliza. Alipiga magoti, akavuta sanduku la bati, akalifungua. Gauni la chini kabisa, dogo kuliko yote, ndilo lililokuwa limekatwa Kabanga akiwa bado hai. Bilonda alinunua kitambaa kile kwa ajili ya Noeli ya mwaka ule, akakikata vipande viwili siku moja, na wiki ambayo mtoto mmoja hakuwapo tena alivishona vyote viwili. La Mbuyi lilipauka kwa sabuni na jua, likaishia kuwa kitambaa cha kufutia taa. Hili halikuwahi kufuliwa wala kuona jua. Rangi yake ilikuwa ile iliyotoka dukani: si nyeupe, si njano, rangi ya punje ya hindi bichi ukiibinya kabla haijakomaa.

Alilitoa nje uani, akaliweka juu ya kiti. Nuru ya saa tisa ililiangukia, naye akatazama uzioni kama mwizi.

*

Jumamosi ile ile, kabla duka la Mgiriki mjini halijafungwa, alinunua rangi nyeupe makopo mawili, njano ya udongo kopo moja, nyeusi kidogo, na diluant, maji makali ya kuyeyushia rangi. Kwenye karakana walichanganya kwa namba, kila kitu kimepimwa na mkuu wa kazi, Mbelgiji aliyekuwa hapendi kuulizwa. Nyumbani Ngeleka alichanganya kwa jicho, na ukweli ni kwamba jicho lake lilikuwa bora kuliko namba.

Alimimina nyeupe ndani ya ndoo, akaongeza njano kijiko kimoja kimoja, akikoroga mpaka chini kwa mti ulionyooka. Baada ya kila kijiko alipaka tone juu ya kifuniko cha kopo, akangoja likauke, kwa maana rangi mbichi ni mwongo: huonekana nyepesi, na ikikauka huzama. Aliangalia kifuniko juani, akakiangalia kivulini, akakileta karibu na gauni bila kuligusa. Mwanzo ikawa kama siagi, inapiga kelele. Akachovya ncha ya kijiti ndani ya nyeusi, akaitia. Kelele ikapungua, lakini rangi ikageuka ikawa na ukijani, kama uso wa mgonjwa.

Ilikosa joto. Aliijua dawa yake: nyekundu, tone, si zaidi. Nyekundu hakuwa nayo, na duka lilikuwa limefungwa.

Alikaa kwa muda akitazama gauni. Halafu akalowesha kitambaa kwa diluant, akaenda kwenye gari, mahali chini ya kidirisha ambapo hakuwa amesugua bado, akafuta. Kitambaa kikaja chekundu. Akakikamua juu ya ndoo. Tone moja. La pili. Akakoroga, akapaka kifuniko, akangoja.

Kilipokauka alikiweka juu ya upindo wa gauni, na hakuona tena mpaka kati yao.

Mtu yeyote wa kazi ile angekwisha kuona alichokuwa amejionyesha kwa mikono yake mwenyewe. Nyekundu inayokubali kuja na kitambaa chenye diluant haitatulia chini ya rangi mpya iliyochanganywa na diluant ile ile. Itayeyuka, itapanda. Aliwahi kufundishwa hivyo mwaka wake wa kwanza. Lakini saa ile hakuwa mtu wa kazi. Alilikunja gauni kwa mikunjo yake ya zamani, akalirudisha chini ya mengine.

Jumapili alfajiri, kabla upepo haujaamka, alimwagia ardhi maji ili vumbi lilale. Usiku moto wa pori ulikuwa umewaka upande wa machweo, na majivu membamba meusi yalikuwa yakielea. Alitandaza turubai juu kwa kamba kuyazuia. Alichuja rangi kwa soksi ndefu. Alimasi akapiga pampu, akipumua kama ng'ombe wa kulima.

"Hii rangi gani tena?" aliuliza rangi ilipotoka. "Nilisema kijani!"

"Pompa, Bwana Alimasi."

Ngeleka alipuliza akipitisha mkono kwa urefu, kutoka kushoto kwenda kulia, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Wekundu ulipotea mbele ya macho yao. Paa, mlango, ubavu, mlango mwingine. Saa tatu gari lilisimama uani likiwa na rangi ya hindi bichi, laini, limetulia, na Mama Ngalula alisogea uzioni akasema, "Ee! Hii sasa ni ya kuoa nayo." Hata Alimasi alikubali kwamba kijani ingeweza kungoja.

Saa saba rangi ya waridi ilianza kuonekana.

Ilianza kwenye kingo za milango ya nyuma, kama haya inavyopanda shavuni. Ikatambaa ubavuni kwa mabaka. Ilipofika jioni gari lote lilikuwa na rangi ya nyama ya mtoto mchanga, na chini ya kidirisha, pale alipofuta kwa kitambaa, palikuwa na doa lililokaribia wekundu wenyewe.

Alimasi alishika kichwa. "Astaghfirullah. Inatoka ndani! Shambuyi, hii gari inakataa."

"Haikatae kitu. Ni rangi ya chini inayeyuka."

"Mi naona kwa macho yangu inatoka yenyewe!"

"Ni kazi. Inaitwa kuvuja. Nilijua, nikasahau." Aliposema hivyo alijua kwamba neno kusahau halikuwa kweli.

"Basi tupake nyeusi juu, imalizike. Nyeusi inameza yote."

Hilo ndilo shauri ambalo fundi yeyote angetoa. Nyeusi, au kijani ya Alimasi, ingefunika kila kitu kwa siku moja. Ngeleka alilitazama gari muda mrefu. "Hapana," alisema. "Rangi ni hii."

"Kwa nini? Ni ya baba yako?"

Ngeleka alianza kufungua mpira wa pistole, na Alimasi, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza tena.

Juma lile, jioni baada ya kazi, alisugua upya, na Jumamosi akafunika gari lote kwa rangi ya fedha, ile inayopakwa mapipa na mabomba, ambayo vumbi lake la aluminiamu hulala moja juu ya jingine kama magamba ya samaki na kuifungia rangi ya chini isipande. Alipaka mara mbili. Siku nane gari lilikaa uani kama kioo kibovu, na asubuhi alipopita kwenda kazini aliona ubavuni mwake umbo la mtu likitembea bila uso. Jumapili iliyofuata akachanganya tena. Safari hii hakuhitaji kulitoa gauni sandukuni. Alinunua nyekundu kwa Mgiriki, matone mawili yakatosha, na jicho lake likakumbuka.

Alikaa kando ya gari siku nzima, akingoja. Saa saba ikapita. Saa kumi. Giza lilipoingia rangi ilikuwa bado rangi ile ile.

*

Walikwenda Tenke Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Alimasi aliendesha, batri ikiwa mpya, akiimba. Njiani alitoa shauri lake.

"Bibi akiuliza, mwambie ile nyekundu niliuzisha Jadotville. Hii ni ingine. Nani atajua? Hata mi sasa siijui."

Ngeleka alitazama vumbi mbele yao. Alikuwa amefikiri neno hilo hilo usiku tatu mfululizo. Lilikuwa fupi, na mwisho wake mkewe alikuwa nyumbani.

Waliegesha karibu na nyumba ya Laurentine, ng'ambo ya reli. Alimasi alikwenda kutafuta maji ya kutawadha. Ngeleka alibaki ndani, mkono juu ya kitasa. Na kabla hajashuka akamwona Bilonda akija kutoka bombani, ndoo kichwani, Mbuyi nyuma yake na ndoo ndogo.

Bilonda alikuja moja kwa moja upande wa gari. Hakupunguza mwendo. Upindo wa kikwembe chake uligusa mlango wa nyuma, ule ule, akapita.

Alipita pembeni na hakuijua. Ngeleka alihesabu hatua zake: tano, saba, kumi. Neno la Bilonda lilikuwa limetimia, na hakuna mtu duniani angeweza kusema limetimia kwa hila.

Halafu Bilonda akasimama. Akatua ndoo, akageuka. Hakuwa akitazama umbo la gari wala magurudumu wala kidirisha. Alirudi polepole, akaweka kiganja chote juu ya ubavu, kama mtu anayepima homa.

Ngeleka alishuka.

Bilonda hakushangaa kumwona. "Shambuyi," alisema bila kuondoa mkono, "uliifungula sanduku."

"Niliifungula."

"Na gauni, uliitoa inje?"

"Inje. Kwa jua. Mchana moja tu, nikairudisha."

Mbuyi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mbali kidogo kichwa cha treni kilikuwa kikijaza maji.

"Na hii gari," Bilonda aliuliza, "ulipata wapi?"

Lile neno fupi lilikuwa pale kinywani, tayari. Lakini mkono wa mkewe ulikuwa juu ya rangi, na chini ya rangi kulikuwa na fedha, na chini ya fedha kulikuwa na kitu ambacho yeye peke yake alijua unene wa kilichokifunika. Aliona kwamba akisema uongo atakwenda nyumbani na mwanamke anayelishika gauni la mwanawe bila kujua limevalishwa nini, na kwamba atamtazama hivyo kila gari litakapopita, mpaka afe.

"Ni ile," alisema. "Njo ileile, Mwambuyi. Ulipita, hukuijua. Lakini ni ile."

Alingoja amwondokee. Bilonda aliondoa mkono. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua milango miwili. Bawaba zililia, rangi haikuwa imezibadilisha. Akapanda, akakaa sakafuni, miguu imenyooka, akaivuta milango nyuma yake.

Kwanza hapakuwa na sauti. Kisha ilianza, chini sana, kama kitu kinachoburutwa, ikapanda, ikawa kilio chenyewe, kile cha kilioni, cha mdomo wazi, na ndani yake jina. Kabanga. Kabanga ee. Ngeleka alikuwa hajalisikia jina hilo miaka sita, na ubavu wa gari ulitetemeka.

Laurentine alitoka mbio, mikono ina sabuni, akimwita dada yake mkubwa. "Yaya! Nyamaza! Ni mapasa! Unataka na huyu aende?"

Mbuyi alikuwa amekauka katikati ya njia, ndoo yake imepinduka. Ngeleka alimfikia kwa hatua mbili, akanyanyua mikono yake yote miwili ili amzibe masikio. Ilikuwa hewani, karibu kabisa na kichwa cha mtoto, alipoona akilini kiganja cha bibi Ntumba juu ya mdomo wa Bilonda siku ile ya mvua. Akaiteremsha.

Mbuyi alisikiliza. Alikunja uso kama anayesikia habari aliyokuwa akiijua nusu. Kisha akaenda nyuma ya gari, akapanda juu ya bampa, akafungua mlango mmoja.

"Mama," alisema, "mi niko hapa."

Akaingia, mlango ukafungwa tena.

Alimasi alirudi na miguu yenye maji, akakuta watu wamezunguka kamionete yake, akaelewa. Alikaa chini kwenye reli kando ya Ngeleka bila neno hata moja, jambo ambalo watu wa Tenke hawakujua lilikuwa geni kwake. Jua lilikuwa limeshashuka sana milango ilipofunguka. Bilonda alishuka kwanza, uso umevimba, akampa Mbuyi mkono. Alijipangusa, akafunga kikwembe chake upya, akamwambia dada yake amletee mzigo wake.

Alimasi aliinuka, akatazama milango iliyo wazi, akasema kwa sauti ndogo, si kwa mtu yeyote, "Basi leo imerudisha."

Walisafiri Bilonda akiwa nyuma, Mbuyi amelala juu ya mapaja yake. Abiria wanne walipanda pale pale Tenke, na mmoja alikuwa na kuku.

Mvua zilipokuja, baka la waridi lilitokea chini ya kidirisha, dogo kama kiganja cha mtoto. Alimasi alileta gari Kapata, na Ngeleka alikuwa ameshafungua kopo la rangi ya fedha wakati Bilonda alipotoka mlangoni. Alilitazama lile baka muda mrefu. Alimwambia mumewe alifunge kopo.

Noeli ile alishona gauni moja. Mbuyi alipolivaa alizunguka mbele ya kioo, kisha akageuka, kama alivyozoea, kuangalia kitandani palipokuwa pakiwekwa lingine. Hapakuwa na kitu. Alisimama kidogo akipaangalia, akaenda nje kucheza. Sanduku liliendelea kuwa chini ya kitanda, na usiku wa mvua Ngeleka angeweza kuapa kwamba bati lake linaalika.